Simu mpya au betri mpya? Historia fupi ya kubadilisha simu

Haya, Septemba ikikaribia mambo huwa yale yale. Apple huzindua iPhone mpya, Samsung huwa imeshazindua zake mwanzoni mwa mwaka, na watu wanaanza kuniuliza: nibadilishe simu? Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, wanadhani jibu liko mfukoni. Jibu la neno moja sina. Ila historia ninayo, na nadhani inasema mengi ambayo matangazo hayawezi kusema.

Hebu tuanze na Nokia 1100, ile ya mwaka 2003. Unaikumbuka? Mulika mwizi, tuliita hivyo kwa sababu ya tochi yake. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Betri yake iliitwa BL-5C, na ilitoka kwa ukucha tu. Ikichoka unaingia duka lolote, unanunua nyingine, unaipachika mwenyewe palepale. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita ya Japani zingeweza kupata joto kali zikichajiwa, ikajitolea kuzibadilisha bure. Milioni 46! Na bado hakuna aliyelazimika kutupa simu yake. Naomba uliweke hilo akilini, tutalirudia.

Mwaka huohuo wa 2007, tarehe 9 Januari, Steve Jobs alionyesha iPhone ya kwanza pale San Francisco. Bei ilikuwa dola 499 kwa ile ndogo na 599 kwa ile kubwa. Ukiitazama leo utacheka. Haikuwa na 3G. Haikurekodi video. Hukuweza kunakili maandishi na kuyabandika mahali pengine, wala kuweka programu ya mtu mwingine. Mwaka 2008 zikaja 3G, GPS na duka la programu lililofunguliwa na programu kama 500 hivi. Mwaka 2009 video, na kunakili na kubandika. Mwaka 2010 kamera ya mbele na skrini ambayo macho hayakuona tena vidoadoa. Upande wa Android nao, tangu HTC Dream ya 2008, mbio zilikuwa hizohizo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kubadilisha simu kumekuwa ujinga siku zote. Miaka ile simu mpya ilikuwa mpya kweli. Sisi wenyewe tuliona hapa Kenya. Juni 2009 serikali iliondoa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye simu (ukarudishwa 2013), na mwaka 2011 Safaricom ikawa inauza Huawei IDEOS kwa karibu shilingi 8,000. Skrini ya inchi 2.8, prosesa ya 528 MHz, kumbukumbu ya MB 256. Programu tatu zikifunguka pamoja, inaganda! Lakini kwa wengi ndiyo iliyowafungulia mlango wa Android. Aliyetoka IDEOS mwaka 2011 akaingia simu ya kawaida ya mwaka 2014 alipata kitu tofauti kabisa, na pesa yake haikupotea.

Sasa, ile desturi ya kubadilisha kila miaka miwili ilitoka wapi? Wengi hudhani ni teknolojia inayokimbia. La hasha. Ilitoka kwenye karatasi ya mkataba. iPhone 3G ilitangazwa Marekani kwa dola 199, bei iliyowashangaza watu. Kilichobaki kililipwa na kampuni ya AT&T, nayo ikakirudisha polepole kupitia bili ya kila mwezi kwa miaka miwili. Mkataba ukiisha, mteja anapewa nyingine na kufungwa miwili tena. T-Mobile ilianza kuachana na mtindo huo Machi 2013, wenzake wakafuata, na Mmarekani akaanza kuona bei kamili ya kile anachobeba. Kufikia 2017 iPhone X ilianzia dola 999.

Sisi hatukuwa na mikataba hiyo. Wengi wetu tulinunua simu kwa pesa taslimu na laini ya kulipia kabla. Kwa hiyo tuliazima mwendo wa Mmarekani bila kuazima anayemlipia! Hilo huwa linanichekesha, halafu linanisikitisha.

Turudi kwenye betri. Betri ya lithiamu huchoka kila inapochajiwa. Kwa iPhone za hadi toleo la 14, Apple yenyewe inasema betri imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Ukichaji kila siku, hiyo ni chini ya miaka miwili. Kwenye mulika mwizi hilo halikuwa tatizo. Kwenye iPhone betri ilifungiwa ndani tangu 2007, na wengine wakaiga. Katika ukoo wa Galaxy S, ile S5 ya 2014 ndiyo ya mwisho ambayo mgongo wake ulifunguka kwa mkono. S6 ya 2015 ilikuja na kioo kilichogundishwa. Tuliambiwa ni kwa ajili ya wembamba na kuzuia maji. Wembamba sawa. Lakini S5 ilizuia maji huku mgongo wake ukifunguka, kwa hiyo hoja ya maji mimi siimezi.

Desemba 2017 ndipo siri ikatoka. Mtu mmoja mwenye iPhone 6s iliyokuwa imezubaa alibadilisha betri tu, akapima kasi, na simu ikarudi kama mpya. Akaandika mtandaoni. Siku chache baadaye John Poole, mwanzilishi wa Primate Labs wanaotengeneza programu ya kupimia kasi ya Geekbench, akachapisha michoro iliyoonyesha jambo hilohilo kwa simu nyingi. Tarehe 20 Desemba Apple ikakiri: ndiyo, programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka.

Kiufundi walikuwa na hoja. Betri ikizeeka, ukinzani wa ndani huongezeka. Prosesa ikidai umeme mwingi kwa ghafla, volteji inaporomoka na simu inazima hata kama inaonyesha asilimia 30. Kupunguza kasi kunazuia hilo. Kama mtu wa programu naelewa kabisa kwa nini waliandika hivyo. Ubaya ni kwamba hawakumwambia mwenye simu. Aliona simu imekuwa nzito, akaamini imezeeka, akaenda kununua nyingine, kumbe alihitaji betri.

Waliomba radhi, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Na hapa ndipo historia inanoga. Tarehe 2 Januari 2019 Tim Cook aliwaandikia wawekezaji kwamba mapato ya robo ile yangekuwa dola bilioni 84, si kati ya 89 na 93 kama walivyokuwa wametabiri. Sababu kubwa ilikuwa China. Lakini miongoni mwa sababu nyingine alizotaja, moja ilikuwa kwamba baadhi ya wateja walitumia ile nafuu ya bei ya betri. Yaani mtengenezaji mwenyewe aliwaandikia wenye pesa zao kwamba betri ya dola 29 ilimpunguzia mauzo ya simu. Mimi sijawahi kuona ushahidi mzito kuliko huo katika mjadala huu.

Kuna kufuli la pili, na hili limeshikwa na sisi tunaoandika programu. Kila toleo la zamani la Android unaloendelea kulihudumia ni kazi ya ziada ya kupima na kurekebisha. Watumiaji wake wakipungua, bosi anasema liondolewe. WhatsApp iliacha Android zilizo chini ya 4.1 Novemba 2021, na zilizo chini ya 5.0 Oktoba 2023. Simu haijavunjika, skrini ni safi, lakini kundi la familia halifunguki. Watu wengi nchini hununua simu nyingine kwa sababu hii wala si kwa sababu ya kamera.

Habari njema ni kwamba kufuli hili limelegea. Pixel ya kwanza ya 2016 iliahidiwa miaka miwili ya matoleo mapya ya Android. Pixel 8 ya Oktoba 2023 iliahidiwa saba, na Galaxy S24 ya Januari 2024 vilevile. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 20 Juni 2025, unawataka watengenezaji watoe masasisho kwa angalau miaka mitano tangu wanapoacha kuuza aina hiyo ya simu.

Basi tupige hesabu. Tuseme simu kubwa ni shilingi 130,000 na ina miaka saba ya masasisho: karibu 18,600 kwa mwaka. Simu ya 20,000 yenye miaka miwili ni 10,000 kwa mwaka. Simu kubwa hiyohiyo, iliyotumika miaka miwili huko ng'ambo na kuuzwa Nairobi kwa, tuseme, 55,000, imebakiza mitano: 11,000 kwa mwaka. Ukiniuliza, pesa yangu naiweka kwenye hiyo ya tatu, kisha naongeza betri mpya. Simu kubwa ya dukani inajilipa ikiwa tu utakaa nayo ile miaka saba yote, na wanaoinunua ndio hasa wasiokaa nayo. Kuhusu simu za kulipa kidogo kidogo kwa siku, kumbuka nyingi hufungwa kwa mbali ukikosa kulipa. Hapo unahatarisha namba za wateja wako na kazi yako ya siku hiyo.

Kabla ya kutoa pesa, tazama vitu viwili. Kwenye iPhone fungua mipangilio ya betri uone afya yake. Sehemu hiyo iliongezwa Machi 2018 kwa sababu ya sakata lile lile. Kwenye Android tafuta tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama tarehe ni ya karibuni na betri iko chini ya asilimia 80, nenda Luthuli Avenue kwa fundi unayemwamini na ukae hapo hapo akifungua. Betri bandia ni nyingi, na iPhone za kuanzia 2018 (XS, XR na zilizofuata) zitakuandikia kwenye mipangilio kama iliyowekwa haitambuliki.