Tawakali ya Akeri

Neno tawakali halihitaji tafsiri kwa msomaji wa pwani. Nahodha hulitamka akitweka tanga, na mwenye mikarafuu hulitamka mvua ikichelewa. Bara, chini ya mlima Meru, maana iyo hiyo iliingia kwa jina jingine, tumaini, na historia ya kuingia kwake ina damu ndani yake.

Mtu atokaye Lemara, kusini-mashariki mwa jiji la Arusha, akaishika barabara ya Moshi, hupita Tengeru. Na kabla ya kufika Usa River huwa ameiacha Akeri mkono wa kushoto, juu kidogo, kwenye migomba. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896 waliuawa hapo Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Kilutheri kutoka nchi za Baltiki, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Walitumwa na Misioni ya Leipzig, iliyoingia Kilimanjaro mwaka 1893. Mangi Matunda wa Meru alikuwa amewapokea. Lakini karibu na hema zao palikuwa na kambi ya pili, ya Kapteni Kurt Johannes na askari wake wa dola ya Kijerumani. Wapiganaji wa Arusha na Meru waliiendea kambi hiyo, na wamisionari wakauawa. Kwa macho ya mwenyeji, nani angetenganisha hema na hema, hali wote wamekuja pamoja?

Makanisa yamewakumbuka Ovir na Segebrock kuwa mashahidi wa imani, nami sioni sababu ya kuwanyima jina hilo. Ila kumbukumbu hukatizwa upesi mno. Johannes alirudi na majeshi, wakiwamo wapiganaji wa Kichaga. Watu wakauawa, migomba ikafyekwa, ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa. Mwaka 1902 misioni ilirejea na kuweka kituo Nkoaranga, mlimani hapo hapo, ili kuwafundisha watu wale wale kwamba Mungu ni mwenye upendo.

Waliwafundisha nini hasa? Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, huifafanua amri ya kwanza kwa vitenzi vitatu: kumcha Mungu, kumpenda na kumtumaini kuliko vitu vyote. Mfasiri hujikuta njia panda hapa. Kijerumani kina kitenzi kimoja cha hofu, kimtoshacho Mungu na simba pia. Kiswahili kimevitenga: kucha ni kwa Mola, kuogopa ni kwa bunduki. Wameru walikwisha kufundishwa kuogopa, tena na watu wa rangi moja na waalimu wao. Kutoka kuogopa hadi kucha ni safari ndefu kuliko ya Moshi hadi Akeri.

Kitenzi cha pili nacho kina kisa chake. Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, huliita pendo la Mungu upendo, na neno mapenzi ikalipa zaidi kazi ya utashi wake. Sisi tuliolelewa na taarabu tunasikia kitu kingine kabisa katika mapenzi, na nakiri kwamba uteuzi huo huniachia ubaridi kidogo. Upendo ni neno safi, lakini halikeshi. Hata hivyo, watafakari wa Kikristo, tangu Augustino wa Hippo, hawakuona haya kumtamani Mungu kama mpenzi amtamanivyo mpenziwe, jambo ambalo masufi wa visiwa vyetu hawatalishangaa.

Kitenzi cha tatu ndicho kizito. Tumaini limebeba mawili, kutegemea lililopo na kungoja lijalo. Ovir na Segebrock walitegemea, wala hawakuokolewa na mkuki. Basi kutumaini si hirizi. Ni kujiweka mikononi mwa Mpendaji bila kumwekea sharti la usalama. Nani aliyelipa zaidi kwa tumaini hilo, waliolala Akeri au waliobaki bila migomba? Siwezi kuipima mizani hiyo kwa upande mmoja tu.

Na tumaini halikuwafunga Wameru miguu. Novemba 1951 serikali ya Uingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, kaskazini mwa mlima, ili ardhi ipewe walowezi. Mpwani aijuaye hadithi ya ngamia, afungwaye kwanza ndipo mwenyewe atawakali, atalielewa walilofanya: walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuieleza dhuluma hiyo. Safari ile haikuirudisha ardhi. Jumapili walikwenda kanisani, nao wakaendelea kudai.