Skini za Simu: Vile Unaweza Kuchora Muonekano wa Programu na Ulipwe

Simu yako na ya beshte yako zinaweza kuwa modeli moja, bei moja, lakini yake ukiiangalia unaona kitu tofauti kabisa. Aikoni zimeshikana rangi, saa imekaa fiti, hata batani za kucheza ngoma ziko na mtindo wake. Hiyo ni skini: nguo ambayo programu inavalishwa juu bila kuguswa ndani. Na kuna msee mahali alilipwa kuishona.

Hii kazi si ya jana. Kama uliingia cyber zile siku za kitambo unakumbuka Winamp, programu ya kucheza MP3 iliyotoka 1997. Skini yake ilikuwa faili ya zip iliyobadilishwa jina ikaishia na .wsz, na picha za ndani zilikuwa za BMP. Dirisha kuu lilikuwa pikseli 275 kwa 116, na ulifinyilia kila kitu hapo. Watu walichora maelfu, wengi wakapeana bure.

Doo ilionekana Septemba 2020, Apple ilipotoa iOS 14 na wasee wakaanza kupanga skrini za iPhone upya. Dizaina mmoja anayejiita Traf aliuza seti ya aikoni kwa dola 28, na akasema kwa siku 6 ameingiza zaidi ya dola 100,000. Usidhani hiyo ni kawaida. Alikuwa na seti tayari siku zile kila mtu alikuwa anatafuta kitu kama hicho. Sisi wengine tunaanza na wateja watano, wawili wakiwa mabinamu wanaotaka wapunguziwe bei.

Sasa kazi yenyewe. Wanaoanza wengi huumbuka kwa kudhani batani ni picha moja. Zii. Inahitaji sura kadhaa: ikiwa imetulia, ikibonyezwa, ikiwa imezimwa. Ukiacha ya kubonyezwa, mtu anagusa na haoni kitu kikisonga, anadhani simu imekwama. Halafu batani huvutwa. "Lipa" ni fupi, "Tuma kwa nambari nyingine" ni refu, na picha yako lazima itoshee zote mbili. Kwa Android kuna ujanja wa faili inayoishia na .9.png: unachora laini nyeusi za pikseli moja ukingoni, picha inagawanyika vipande 9, pembe nne zinabaki vile ziko na zile zingine ndizo zinavutika. Bila hiyo, kona zako za mviringo zitageuka mayai.

Aikoni nazo unatoa kwa saizi kadhaa, kuanzia pikseli 48 hadi 192, kwa hivyo chora kwa vekta. Inkscape ni ya bure. Ukitengeneza seti ya launcha kama Nova, kuna faili ya appfilter.xml inayounganisha kila programu na picha yake. Kosea herufi moja tu, aikoni haitokei. Na hapa ndipo mwanya wako uko: seti nyingi za majuu zimejaa Spotify na Instagram, lakini ukitafuta programu ya sacco yenu hupati, skrini inabaki na viraka. Jaza hivyo viraka.

Lakini usichukue nembo ya benki, uipake rangi, uuze. Hiyo ni alama ya biashara ya wenyewe. Chora wazo lako, sarafu ama mkoba. Kazi yako nayo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 mara tu ukiichora. Kuisajili KECOBO si lazima, ila inasaidia mtu akiiiba na akatae.

Kuuza Google Play, unalipa dola 25 mara moja kufungua akaunti, na Google inakata asilimia 15 kwa dola milioni ya kwanza ya mwaka. Kwa mteja wa mtaa, M-Pesa inatosha, lakini chukua nusu kabla hujafungua kompyuta. Mimi kuna jamaa nilimtumia faili zote kwa sababu aliniambia "nitakutumia jioni, bro". Sahii programu yake iko hewani na batani zangu, na mimi bado nangoja hiyo jioni. Siku hizi natuma picha ndogo yenye jina langu katikati, na faili zinatoka tu baada ya ile meseji ya M-Pesa kuingia.