Nandete: Vita Vilivyoanza Shambani

Shuleni nilisoma Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, nikabaki na picha moja kichwani: mtu, mto na maji. Ngarambe ya Rufiji nikaijua. Nandete sikuwahi kuisikia.

Nandete iko kwenye vilima vya Matumbi, wilayani Kilwa, ndani kidogo kutoka pwani. Ni nchi ya mabonde, misitu na mapango ya mawe ya chokaa. Mkulima wa huko ana mtama wake, mpunga na mahindi, na lazima aulinde usiku na mchana, maana nguruwe na nyani nao wana njaa.

Serikali ya Wajerumani ikaleta pamba ya lazima, maakida na majumbe wakiwa wasimamizi. Sasa pamba haina subira. Inataka palizi wakati uleule ambao chakula nacho kinamtaka mkulima. Malipo yalikuwa kiduchu, viboko tele.

Mwaka 1904 Kinjeketile Ngwale akaanza kutoa dawa yake Ngarambe. Habari zikapita vilimani kwa njwiywila, yaani ule mnong'ono wa siri wa mtu kwa mtu. Julai 1905 watu wa Nandete wakaingia shambani, wakang'oa miche ya pamba. Hawakuanza na bunduki, ila kila mtu alielewa: hiyo ndiyo ilikuwa tangazo la vita. Akida wa Kibata akatimuliwa. Samanga, kule pwani, ikachomwa. Tarehe 4 Agosti Kinjeketile akanyongwa Mohoro, lakini jambo lilishatoka mikononi mwa mtu mmoja. Lilifika hadi Ungoni, na halikuzimwa kabisa mpaka 1907.

Wajerumani nao walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala. Njaa ikaua wengi kuliko risasi. Basi vita vilivyoanza kwa kung'oa mmea usiolika vikaishia kwa kuteketeza mmea unaolika.

Darasani tulibishana sana: maji yalikuwa kweli au uongo? Hatukuuliza nani ana haki ya kuamua kipandwe nini katika ardhi ya Mmatumbi. Juzi nimeirudia tamthilia ile. Hussein anaianza na wanawake wanaozungumzia uhaba wa chakula, huku waume zao wakiwa kwenye kazi ya lazima. Shamba lilikuwepo tangu kurasa za mwanzo. Ni mimi tu niliyekuwa na haraka ya kufika mtoni.