Rekebisha au sahihisha? Kasi ya hewa, halijoto na kanieneo

Vitenzi rekebisha na sahihisha hukaribiana kimaana, lakini katika matini za vipimo kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Kusahihisha ni kuondoa kosa; kurekebisha ni kukifanya kitu kiendane na hali iliyopo. Upimaji wa kasi ya mkondo wa hewa huidhihirisha tofauti hiyo.

Bomba la Pitot, lililobuniwa na Mfaransa Henri Pitot mwaka 1732, halipimi kasi yenyewe. Hupima tofauti ya kanieneo. Kasi hupatikana kwa kuizidisha tofauti hiyo kwa mbili, kuigawanya kwa densiti ya hewa, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Tuseme kifaa kimepangiwa densiti sanifu ya kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, yaani hewa kavu yenye nyuzi 15 za Selsiasi na kanieneo ya hektopaskali 1013.25. Jijini Nairobi, ambako kanieneo hukaribia hektopaskali 840, hewa yenye nyuzi 25 huwa na densiti ya takriban 0.98. Usomaji wa mita 10 kwa sekunde huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 1.225 ÷ 0.98, yaani 1.12, kasi halisi ni mita 11.2 kwa sekunde.

Hapo kifaa hakikukosea; hewa ndiyo iliyo nyepesi zaidi. Mfasiri akiandika «usomaji ulisahihishwa», fundi ataelewa kuwa kifaa ni kibovu, na huenda akakibadilisha bila sababu.

Andika: Kasi ilirekebishwa kwa kuzingatia halijoto na kanieneo.
Andika: Sindano haikurudi kwenye sifuri, kosa hilo lilisahihishwa.
Epuka: Kasi ilisahihishwa kwa sababu ya joto.

Tanbihi

1. *Kanieneo* ni istilahi ya fizikia. Taarifa za hali ya hewa hutumia *mgandamizo*, na matini za tiba *shinikizo*. Istilahi moja idumishwe katika matini nzima.

2. *Joto* ni nishati; *halijoto* ndiyo hupimwa kwa nyuzi. Katika kukokotoa densiti, nyuzi za Selsiasi hugeuzwa kwanza kuwa kelvini kwa kuongeza 273.15. Mfasiri asiiruke hatua hiyo, kwani bila yake hesabu yote huharibika.