Galaksi Mbili Nyuma ya Vumbi

Mnamo mwaka wa 1959 mwanafalaki Mmarekani Stewart Sharpless alichapisha orodha ya mawingu 313 ya hidrojeni ing'aayo, yaliyotambuliwa katika mabamba ya picha ya Palomar. Namba 191 na namba 197 zilikaa humo sawa na jirani zake. Kumbe hazikuwa mawingu. Zilikuwa galaksi mbili, kila moja na mabilioni ya nyota zake, zilizobaki madoa hafifu kwa kuwa ziko nyuma ya vumbi la Njia ya Maziwa.

Robert Trumpler alikwisha onyesha mwaka wa 1930 kwamba vumbi hilo hupunguza nuru ya nyota na kuifanya nyekundu. Nuru ya bluu huzuiwa zaidi. Nyekundu hupenya kiasi. Infraredi, iliyo ng'ambo ya wekundu uonwao na jicho, hupenya zaidi. Ndiyo maana ugunduzi ulisubiri bamba la namna nyingine. Tarehe 29 Septemba 1967, huko Asiago nchini Italia, Paolo Maffei alipiga picha ya eneo la Cassiopeia kwa bamba la infraredi lililotayarishwa mapema ili liongezewe wepesi wa kunasa nuru. Alikuwa akitafuta mawingu na nyota changa. Bamba likampa vitu viwili asivyovitazamia, navyo leo vyaitwa Maffei 1 na Maffei 2.

Mwaka wa 1971 Hyron Spinrad na wenzake walieleza kwamba Maffei 1 ni galaksi kubwa ya umbo la yai. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipoanza. Katika nuru ionekanayo, vumbi huiachia galaksi hiyo takriban sehemu 1 tu kati ya 75 ya mwanga wake. Anayetaka kujua umbali wake hana budi kwanza kukisia kilichopotea njiani, kisha akirudishe katika hesabu. Akirudisha mno, galaksi huonekana angavu kupita kiasi, na kwa hiyo huwekwa karibu mno. Spinrad na wenzake waliikadiria kuwa umbali wa miaka-nuru milioni 3 hivi, wakauliza kama si mwanachama wa kundi letu la galaksi. Makadirio ya baadaye yaliisogeza mbali.

Watayarishaji wa picha wa leo wanarithi mtego huohuo, ingawa badala ya bamba wana kompyuta. Hujumlisha picha nyingi za saa kadhaa, huondoa mwangaza wa anga, kisha huvuta sehemu hafifu zitokeze. Programu isiyoongozwa vema hudhani ukungu wa nje wa galaksi ni sehemu ya anga, ikaukata. Na yule anayesawazisha rangi hadi galaksi ikawa nyeupe na ya kupendeza amefuta ushahidi: wekundu ule ndio alama ya vumbi, wala hautokani na umri wa nyota peke yake.

Mwaka wa 2019 watafiti waliotumia darubini ya Hubble walipima nyota kubwa nyekundu moja moja katika kundi la Maffei. Umbali uliopatikana ni takriban miaka-nuru milioni 19, yaani zaidi ya mara sita ya ule wa 1971.