Juu ya nini wavuvi wa Grimsby walitaka kutoka Ulaya

Wandugu, kila mara tukizungumza Brexit kuko mtu anajibu haraka: "Waingereza hawapendi wageni, basi." Ile jibu ni fupi sana. Tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51,9 ya wapiga kura walichagua kutoka. Mimi nitaanzia baharini, juu pale njo hasira ilikuwa ya zamani.

Grimsby ni bandari ya uvuvi, mashariki ya Uingereza. Meli zake zilikuwa zinavua mbali, mpaka karibu na Iceland. Mu 1975 Iceland ikatangaza ya kama maili 200 kuzunguka kisiwa ni zake. Waingereza wakatuma meli za vita, wakashindwa mu 1976. Hapo Brussels haikufanya kitu. Lakini wavuvi waliporudi kwao, wakakuta mlango umefungwa: mu 1970, mbele ya Uingereza kuingia, nchi sita za mwanzo zilikuwa zimepatana kwamba bahari ni ya wote. Uingereza ikaingia mu 1973 na ikakubali ile sharti. Iceland ilikuwa nje, ikachunga samaki wake. Mvuvi wa Grimsby aliona ile hesabu kwa macho.

Kisha kampuni za Wahispania zikaandikisha meli zao kwa bendera ya Uingereza, zikavua fungu la samaki la Waingereza. Bunge likapiga sheria mu 1988 kuzuia. Kampuni zikashitaki. Mu 1990 Mahakama ya Ulaya, kule Luxembourg, ikasema sheria ya nchi ikipingana na ya Ulaya, hakimu aiweke pembeni. Mahakimu wa London wakaisimamisha, na kisha serikali ikalipa fidia. Wale watu wamefundishwa miaka na miaka ya kama hakuna kitu juu ya Bunge! Kwangu mimi, hii kesi inaeleza mengi kuliko makelele yote ya kampeni.

Sasa tuende mu mashamba. Boston, kusini ya Grimsby, ni fasi ya kabichi na viazi. Mu 2004 nchi nane za Ulaya ya mashariki ziliingia mu Umoja, na Uingereza ikafungua soko lake la kazi mara moja, wakati Ujerumani na Ufaransa zilingojea. Wapolandi na Walituania wakaja kuvuna. Wenye mashamba walifurahi. Mpangaji mwenye kutafuta nyumba, ao mgonjwa mwenye kungojea daktari, hakufurahi. Boston ilipiga asilimia 75,6 ya kutoka, ya kwanza mu nchi yote. Kwa hiyo ndiyo, habari ya wageni ilikuwemo, na wanasiasa waliichochea vibaya. Ila ukiondoa swali la "nani anaamua?", hauelewi kitu.

Na samaki je? Mapatano ya mwisho wa 2020 yaliacha meli za Ulaya ziendelee kuingia mpaka Juni 2026. Mu 2025 serikali ya London ikaongeza muda mpaka 2038. Kabichi za Boston nazo bado zinavunwa na wageni, wengine wanatoka Kyrgyzstan na Uzbekistan kwa viza ya msimu.