Hatshepsut

Hatshepsut (alitawala takriban 1479–1458 KK) alikuwa farao wa nasaba ya 18 ya Misri ya Kale, binti wa Thutmose I na malkia Ahmose. Aliolewa na Thutmose II, ndugu yake kwa baba, wakamzaa Neferure. Mumewe alipofariki, kiti cha enzi kilimwendea Thutmose III, mtoto mdogo wa mke mwingine aitwaye Isis, na Hatshepsut akashika madaraka kwa niaba yake.

Hadi hapo hapakuwa na jipya. Lakini kufikia mwaka wa 7 wa utawala huo alikwisha kujitwalia vyeo vyote vya farao na jina la kiti, Maatkare, bila kumwondoa mtoto. Hakuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Sobekneferu wa nasaba ya 12 alimtangulia. Sanamu nyingi za Hatshepsut zina ndevu za bandia na mavazi ya kiume, ilhali maandishi aghalabu humtaja kwa jinsia ya kike. Hakuwa akimdanganya mtu: ndevu zile zilikuwa sare ya kazi.

Huko Deir el-Bahari, ng'ambo ya Nile kutoka Luxor, alijenga hekalu la ngazi tatu chini ya jabali. Kazi hiyo huhusishwa na Senenmut, msimamizi wake ambaye hakuzaliwa katika ukoo wa kifalme. Kutani imechongwa safari ya mwaka wa 9 kwenda Punt, nchi ambayo wataalamu wengi huiweka kusini mwa Bahari ya Shamu, kuanzia Sudani ya mashariki na Eritrea hadi Pembe ya Afrika. Zinaonekana jahazi tano, mtawala Parahu na mkewe Ati, nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo, hata samaki waliochorwa kwa uangalifu kiasi cha kutambulika aina zao. Shehena ya kurudi ilikuwa ubani, mpingo, pembe za ndovu, dhahabu, nyani, na miti hai ya manemane ikiwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Huko Karnak obeliski yake moja ya itale bado imesimama, urefu wake karibu mita 30.

Baada ya kifo chake jina lake lilifutwa kwa patasi na sanamu zikavunjwa. Zamani ilidaiwa kuwa ni kisasi cha Thutmose III. Dai hilo ni dhaifu: ufutaji ulianza takriban miaka 20 baadaye, na mwenye chuki na jeshi mkononi hangoji hivyo. Yaelekea zaidi alitaka kumsafishia njia mrithi wake, Amenhotep II. Vipande vya sanamu vilitupwa mashimoni karibu na hekalu. Wachimbuaji wa Metropolitan Museum ya New York walivifukua miaka ya 1920 na kuviunganisha upya.

Mwaka 2007 mwanaakiolojia Zahi Hawass alitangaza kwamba maiti iliyokaushwa ya kaburi KV60 ndiyo ya Hatshepsut, akitegemea jino moja. Si wataalamu wote waliokubali.